UZI: Jinsi ya kuandika maelezo ya zana za kuhariri spraiti ili ejenti wa AI azitumie bila kukuharibia picha

Fundi_Pikseli (Shangani, Mtwara)

Wakuu habari za humu ndani. Naona watu wengi sasa hivi wanawaachia maejenti wa AI kazi za gemu, unampa Claude Code au Codex folda zima, anaandika kodi, anakata fremu, anapanga picha, anabadilisha rangi, halafu spraiti zikitoka zina ukungu au mhusika anatetemeka akitembea lawama zote anabebeshwa ejenti. Mi naona mara nyingi shida iko kwenye yale maelezo ya zana aliyopewa. Ndo nataka tuongelee hapo kwa kirefu, maana kwa Kiswahili sijaona watu wanaliongelea na vijana wanaotengeneza magemu wapo, hadi huku kusini.

Kwa ambao hawajawahi kugusa mambo haya, spraiti ni zile picha ndogondogo za gemu la 2D, mhusika, mti, mtumbwi, jini, chochote. Fremu zake zinapangwa kwenye karatasi moja ya PNG na pembeni kunakuwa na faili la JSON linalosema fremu ya ngapi inaanzia wapi na inakaa muda gani.

Sisi tuna kikundi kidogo, wengine tuko Mtwara mjini wengine Lindi, tunatengeneza gemu la watoto kuhusu dainosaria wa Tendaguru. Kile kilima kiko Lindi hapo, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na watu vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi ikapanda meli, na leo yule Giraffatitan amesimama makumbusho ya Berlin. Mtoto wa Lindi anatakiwa amjue huyu mnyama kuliko mtoto yeyote duniani, hilo mi naliamini kabisa, na ndo maana spraiti zake hatutaki zitoke hovyo.

Kiprogramu chetu ni cha terminali, tumekiandika kwa Python juu ya Pillow (maktaba ya Python ya kuhariri picha) na sehemu nyingine kinaita Aseprite (programu ya kuchorea spraiti). Kina komandi chache tu: kata, panga, kuza, rangi, na kagua. Binadamu akikitumia anaona matokeo kwenye skrini, kikikosea anarudia. Ejenti yeye anasoma maelezo, anaamini, anaendelea na hatua inayofuata, na kosa dogo la mwanzo linasafiri mpaka mwisho wa kazi.

Chukua mfano wa kukuza picha. Ukiandika kwenye maelezo "kuza: inakuza picha", ejenti anaweza kabisa kuamua asiisumbue komandi yako, anaandika mistari yake mitatu ya Pillow akaita resize. Sasa Pillow tangu toleo la 7.0.0 la mwaka 2020 ukiita resize bila kutaja njia inatumia bicubic, yaani inachanganya rangi za pikseli jirani, isipokuwa picha za paleti (zenye orodha yake maalum ya rangi) na za nyeusi na nyeupe tupu ndo zinabaki na njia ya jirani wa karibu, yaani rangi ya pikseli inanakiliwa kama ilivyo. Kwa picha ya kamera bicubic ni nzuri. Kwa spraiti ni msiba, kila ukingo unazaa rangi ambazo mchoraji hakuziweka na pikseli zinakuwa nusu wazi nusu zimeziba (kiwango hicho cha uwazi ndo kinaitwa alfa, 0 ni wazi kabisa, 255 imeziba kabisa). Na ejenti atakwambia kazi imekamilika, kwa sababu kwa alivyoelezwa, picha imekua kweli.

Kwahiyo hivi ndivyo tunavyoandika sisi, naweka kama ilivyo:

```
kuza
Kazi: kukuza spraiti kwa namba nzima (2, 3, 4 ...).
      Kila pikseli inakuwa mraba wa rangi ileile.
Usiitumie: kupunguza picha, au kukuza kwa 1.5.
      Usiandike kodi yako ya kukuza, tumia hii.
Inabadilisha: upana na urefu, basi.
Haibadilishi: rangi, alfa, idadi ya fremu, muda wa fremu.
Inaandika: folda la tokeo/ tu. Folda la asili/ haliguswi.
Mfano: spraiti kuza asili/giraffatitan.png --mara 4
Uhakiki: spraiti kagua tokeo/giraffatitan.png
      Asili ni 512x48, tokeo lazima liwe 2048x192,
      rangi ni zilezile, alfa_za_kati ni 0.
```

Angalieni ule mstari wa "haibadilishi" na wa "uhakiki". Kwangu hiyo mistari miwili ndo uzi wenyewe. Maelezo mengi ya zana yanakwambia bendera (zile chaguo za komandi kama --mara) zipo ngapi na kila bendera inaitwaje, ila hayasemi kitu gani lazima kibaki vilevile baada ya kazi wala utajuaje kwamba kimebaki. Ejenti anahitaji hayo mawili kuliko orodha ya bendera. Ni kama kibarua mpya kwenye ghala la korosho Newala, ukimwambia "chambua" tu atachambua kwa macho yake, mwonyeshe daraja la kwanza linakuwaje na mpe mzani.

Na mzani kwenye zana ya spraiti ni komandi ya kukagua inayotoa namba. Yetu inatoa JSON: upana, urefu, idadi ya fremu, idadi ya rangi, alfa za kati ngapi (pikseli ambazo alfa yake si 0 wala 255), na nukta ya miguu (mahali mnyama anapokanyaga) kwa kila fremu. Hakuna kitu kingine tulichokiongeza kikasaidia kama hicho.

Nawasilisha, karibuni tujadili.

---

Mwana_Mikindani

Mkuu uzi mzuri ila hapo kwenye kukagua sijakuelewa, si hizi AI zinaona picha siku hizi? Kwanini nisimwambie tu fungua picha uangalie kama iko sawa, mbona rahisi

---

Fundi_Pikseli

Mkuu swali zuri, na wengi wanaanzia hapo. Zinaona, ila zinaona kwa namna yake. Picha kubwa inapunguzwa kwanza ndo inaingia kwenye modeli, na ikipunguzwa tu zile pikseli mojamoja ulizotaka azikague zimeshachanganyika. Picha ndogo nayo ina shida yake, Anthropic wenyewe kwenye maelezo ya Claude wanasema picha yenye upande chini ya pikseli 200 inaweza kushusha ubora wa majibu. Sasa spraiti yako ni 32 kwa 32. Utamuuliza kuna pikseli yoyote yenye alfa ya 128 pale kwenye ukingo wa mkia? Atakujibu tena kwa kujiamini, ila hajaiona.

Haimaanishi macho yake hayafai. Yanafaa kwa maswali ya macho, mnyama anatazama kushoto au kulia, kichwa kimekatwa, fremu ya tatu ina miguu ya mnyama mwingine. Kwa hayo tuna bendera inaitwa --hakikisho, inatoa nakala iliyokuzwa mara 8 kwa jirani wa karibu, 32 inakuwa 256, na inachora mistari ya gridi na namba ya kila fremu juu yake. Na kwenye maelezo tumeandika wazi: hakikisho ni la kuangalia tu, usilitumie kama tokeo. Bila huo mstari mtu asishangae kukuta picha yenye gridi ndani ya gemu.

Mgawanyo wenyewe ndo huo, rangi, alfa, ukubwa na nukta vinaulizwa kwa namba, umbo na mwelekeo vinaulizwa kwa macho, na maelezo yaseme swali gani linaenda wapi.

---

DadaWaNewala

Fundi asante kwa hili somo. Mi nachora kwenye Aseprite na natumia komandi zake kutoa karatasi, nimeona ejenti anachanganyikiwa sana na mpangilio wa bendera. Anaandika zote ziko sahihi lakini tokeo halibadiliki, na hakuna kosa linalotokea. Hapo unaandikaje?

---

Fundi_Pikseli

Dada hapo umegusa penyewe kabisa. Aseprite inasoma mstari wako kuanzia kushoto kwenda kulia na inafanya kadri inavyosoma. --scale inakuza picha zilizokwisha kufunguliwa, kwahiyo ukiiweka kabla ya jina la faili haina cha kukuza. Huu unafanya kazi:

```
aseprite -b kentro.aseprite --scale 2 --save-as kentro2.png
```

Ukihamisha --scale ikawa mwanzo au mwisho kabisa, unapata picha ya ukubwa uleule na programu inamaliza kimya. --split-layers kinyume chake, hiyo inatakiwa ije kabla ya faili kufunguliwa. Na --script-param lazima itangulie --script. Mtu mzoefu anazijua kwa mkono, ila ejenti amesoma mifano mingi ya huko intaneti, mingine sahihi mingine mibovu, na kwake zote zina uzito uleule.

Ninavyofanya mi, sielezei kanuni kwa aya ndefu. Naandika mstari mzima unaofanya kazi, chini yake naandika "mpangilio huu ni lazima" na sababu kwa sentensi moja, basi. Ejenti akipata mfano kamili anabadilisha jina la faili na kazi inakwenda. Ukimpa vipande avipange mwenyewe anapanga anavyojua. ImageMagick, programu nyingine ya kuhariri picha kwa komandi, ina tabia hizohizo, mpangilio unabeba maana, na ukikata kwa -crop bila kuweka +repage ile PNG inabaki na kumbukumbu ya turubai la zamani na mahali ilipokatwa, programu nyingine zinaipuuza nyingine zinaifuata, unaanza kutafuta mchawi.

Halafu kuna hili la namba ambalo sijui kwanini halisemwi. Kwenye JSON ya Aseprite lebo za animesheni zinahesabu fremu kuanzia 0. Ukiingia kwenye skripti za Lua (lugha ya kuandikia programu) za Aseprite hiyohiyo, fremu ya kwanza ni 1. Muda nao, kwenye JSON ni milisekunde, fremu ya kawaida ni 100, kwenye Lua ni sekunde, fremu hiyohiyo ni 0.1. Sasa ejenti akisoma JSON akaandika Lua kwa namba zilezile, animesheni ya kutembea inakula fremu moja ya animesheni ya kupumzika na muda wa kila fremu unasomwa kama sekunde 100. Kwenye maelezo yetu kila namba ina kipimo chake ndani ya jina: muda_ms, fremu_kutoka_0, upana_px. Jina linakuwa refu, ndio, ila hakuna wa kubahatisha.

---

Lindi_Kwetu

Naongezea mkuu, mi ndo nilichora yule Giraffatitan kwa hiyo hili nalijua vizuri. Watu waelewe shida ya kupunguza kingo zilizo wazi. Yule mnyama ana shingo ndefu na mkia mrefu, akitembea shingo inainuka na kushuka, mkia unapiga huku na huku, kwahiyo kila fremu nafasi anayojaza ni tofauti. Ejenti akiambiwa "ondoa nafasi tupu" anakata kila fremu kivyake, kila moja inabana vizuri, karatasi inakuwa ndogo, halafu ukiicheza mnyama anarukaruka mbele na nyuma kama ana kifafa manake gemu linaweka picha kwa kona ya juu kushoto na kona hiyo imehama kila fremu. Ukimwangalia Kentrosaurus, dainosaria wetu mwingine, huoni sana maana ye mfupi mfupi, ila mwenye shingo unaliona kwenye hatua ya kwanza tu.

---

Fundi_Pikseli

Ahsante sana mkuu, na hili ndo nilitaka mtu alisemee. Ukikata fremu mojamoja si kosa, ila lazima ubebe umbali uliokatwa. Aseprite ukitumia --trim inaandika kwenye JSON spriteSourceSize na sourceSize, yaani kipande hiki kilikaa wapi ndani ya fremu ya awali na fremu ya awali ilikuwa kubwa kiasi gani. Injini ya gemu ikizisoma hizo mnyama anatulia. Ejenti akitupa JSON akabaki na PNG peke yake, taarifa imekwenda na hakuna wa kuirudisha.

Sisi tumechagua njia nyingine, komandi yetu ya kata inatafuta kwanza mstatili mmoja unaowatosha wote, yaani unaofunika kila pikseli ya fremu zote, halafu inakata zote kwa mstatili huohuo. Karatasi inakuwa kubwa kidogo lakini miguu haihami. Kwenye maelezo tumeandika hivi: "kata haihamishi nukta ya miguu. Kagua kabla na baada: tofauti ya nukta kati ya fremu na fremu lazima ibaki ileile." Ejenti anaendesha kagua mara mbili, analinganisha, namba zikitofautiana anasimama. Hapo hakuna haja ya kumwambia "kuwa makini", ni maneno ambayo hayampi kitu cha kufanya.

---

KijanaWaMasasi

Wakuu mi swali langu la kimaskini kidogo. Haya maelezo yote mkiyaweka si yanakula tokeni nyingi (vile vipande vya maneno AI inavyohesabu na kulipisha)? Mi natumia bando la simu na akaunti ya bei ya chini, ejenti akisoma kurasa kumi kabla ya kuanza kazi nakuwa nimeshaisha. Na pili, mnaandika kwa Kiswahili au Kiingereza?

---

Fundi_Pikseli

Kaka swali si la kimaskini, ni la msingi. Tokeni ni pesa na pia zinajaza kumbukumbu ya mazungumzo, maelezo yakiwa marefu sana yale ya muhimu yanazama katikati.

Tunagawa. Juu kabisa ya folda la mradi kuna AGENTS.md, ni faili ambalo maejenti wengi wa kuandika kodi wanalisoma wenyewe bila kuambiwa, utaratibu huo umeenea kuanzia 2025. Letu ni fupi, linaingia kwenye skrini moja: mradi ni nini, asili/ haiguswi, komandi ni hizi tano na kila moja ina sentensi moja, kwa undani soma maelezo/kata.md au maelezo/kuza.md. Ejenti akipewa kazi ya kukuza anafungua faili la kuza peke yake. Ya paleti hayasomi, hana kazi nayo. Na `spraiti kuza --msaada` inatoa maandishi yaleyale ya lile faili, yametoka sehemu moja, ili isitokee faili linasema hivi programu inasema vile. Maelezo yaliyopitwa na wakati kwa ejenti ni mabaya kuliko kutokuwepo, maana asipokuwa na maelezo anasoma kodi mwenyewe, akiwa nayo anayaamini.

Kingine cha kuokoa tokeni ni matokeo ya komandi yenyewe. Usichapishe mistari mia ya "fremu ya 1 imekamilika, fremu ya 2 imekamilika". Chapisha JSON moja fupi. Maneno ya maendeleo yapeleke stderr (njia ya ujumbe wa pembeni), jibu liende stdout (njia ya jibu lenyewe), na programu irudishe 0 ikifaulu na namba nyingine ikishindwa. Hii nyingine inasahaulika sana, skripti inashindwa halafu inarudisha 0, ejenti anaona 0 anasonga mbele.

Lugha sasa. Sisi tunaandika Kiswahili kwa sababu wanaoyasoma ni sisi pia, yule anayechora na yule anayeandika kodi, na modeli kubwa za sasa zinakielewa. Ni kweli Kiswahili kinakula tokeni zaidi ya Kiingereza kwa maana ileile, kwa hiyo ukibanwa sana na bei andika mafupi. Ila usichanganye jina la kitu kimoja. Ukiita fremu iwe fremu mpaka mwisho, usiite fremu hapa, picha pale na kipande kule, ejenti atadhani ni vitu vitatu.

---

Mwana_Mikindani

Nimeelewa sasa mkuu. Ila nina hofu na ile ya kufuta, mi ejenti aliwahi kuandika tokeo juu ya picha ya asili na sikuwa na nakala. Kuandika "usiguse asili" inatosha kweli?

---

Fundi_Pikseli

Haitoshi kaka, na pole kwa kupoteza kazi. Maandishi yanasaidia lakini ulinzi uwe kwenye programu yenyewe. Yetu ukiipa njia ya kutolea iliyo ndani ya asili/ inakataa, hakuna bendera ya kuilazimisha. Folda lenyewe tumelifanya la kusoma tu na Git inashika historia. Kama unaitoa zana yako kupitia MCP, ule utaratibu wa Anthropic wa Novemba 2024 wa kuunganisha maejenti na zana, kuna alama unaweza kuweka kwa kila zana, readOnlyHint kwa isiyobadilisha kitu, destructiveHint kwa inayoharibu, idempotentHint kwa ile ambayo ukiirudia haiongezi madhara. Ziweke, kagua yetu ina ya kwanza. Lakini kumbuka ni dokezo tu, hazizuii chochote.

Hilo la kurudia lina uzito wake kwenye spraiti. Ejenti akikatika katikati anarudia kazi tangu mwanzo. Komandi ya kukuza ikisoma tokeo lake yenyewe, mara 4 inakuwa mara 16. Yetu inasoma asili/ tu na kuandika tokeo/ tu, kwahiyo irudie utakavyo matokeo ni yaleyale. Na ukitaka kuthibitisha ni yaleyale usilinganishe hashi ya faili (ile alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima), PNG inaweza kubeba tarehe ndani yake, ImageMagick inaziandika, faili mbili zenye pikseli sawasawa zinatoka na hashi tofauti na ejenti anaanza kurekebisha kisichoharibika. Piga hashi ya pikseli zilizofunguliwa.

Tena kwenye kuhesabu rangi, pikseli yenye alfa 0 bado ina rangi chini yake ambayo huioni. Ukizihesabu hizo, spraiti ya rangi 16 inaweza kusomeka 40, ejenti ataanza kupunguza rangi za mchoraji. Kagua yetu inazihesabu zote za alfa 0 kama moja, na tumeliandika hilo waziwazi.

---

DadaWaNewala

La mwisho Fundi halafu nikuache upumzike. Ujumbe wa kosa mnaandikaje? Wangu unasema "paleti si sahihi" na ejenti anazunguka hapohapo.

---

Fundi_Pikseli

Dada, "paleti si sahihi" haimwambii aende wapi. Ujumbe uwe na vitu vitatu, kilichokutwa, kilichotakiwa, na komandi inayofuata. Wetu wa paleti unatoka hivi:

```
{"kosa": "rangi_nje_ya_paleti",
 "imekutwa": ["#7a4b2d"], "mahali": "fremu 3 (kutoka 0), x=41 y=17",
 "inatakiwa": "paleti/tendaguru.gpl, rangi 24",
 "fanya": "spraiti rangi asili/kentro.png --paleti paleti/tendaguru.gpl --bila-nukta",
 "usifanye": "usiongeze rangi kwenye paleti, muulize mchoraji"}
```

Ile --bila-nukta ni ya kuzuia programu isitawanye nukta za rangi mbili ili kuigiza ya tatu, kwenye spraiti ndogo zinaonekana kama uchafu. Na ule mstari wa "usifanye" tumeuweka kwa sababu njia fupi kwa ejenti ni kuipanua paleti, kosa linaondoka, namba zinakubali, na kazi ya mchoraji imebadilishwa bila yeye kujua. Nitumie ujumbe wako kama ulivyo hapa uzini tuuandike upya pamoja, na faili lako la paleti la .gpl kama linatoka Aseprite nalo liweke.